Barua ya wazi kwa mabosi wa Industrial Area: ile fomu ya hatari nilisaini mimi, na sikujua nasaini nini

Kwa mabosi wenye viwanda na magodauni ya Industrial Area, kutoka Enterprise Road mpaka Lunga Lunga Road, na wale wa Baba Dogo na Mombasa Road msijifiche, kwa mameneja wa HR, na kwa Wizara ya Leba ambayo pia iko ndani ya haya maneno ingawa inajifanya refarii.

Nawasalimu.

Mimi ni supavaiza wa shifti kwa kiwanda kimoja cha plastiki hapa. Jina la kiwanda sitataji, nina watoto wako shule na fee haijalipwa yote. Nilianza pale getini kama wale vijana mnawapita asubuhi na gari vioo vikiwa vimefungwa, wamesimama wanangoja kuchaguliwa, nikawa kibarua, nikawa opareta, na sasa ni miaka sita nikiwa supavaiza, maana yake ni kwamba nikisema mashini iwake inawaka, na mtu akiumia ni jina langu linaandikwa kwa kitabu.

Wacha niwaambie kwanza kuhusu kidimbwi cha kuogelea.

Mwaka juzi tulikuwa tunangoja oditi ya usalama, ile sheria inataka ifanywe kila miezi kumi na miwili. Wiki moja kabla, meneja wa prodakshen akaniita ofisini akanisukumia faili ya kijani, akaniambia saini hapa, hapa na hapa, wewe ndiye mwenye idara. Kurasa kama thelathini hivi. Nikauliza hii ni nini, akasema ni riski asesmenti, yaani tathmini ya hatari, konsaltanti ameshaandika, yako ni saini tu. Huko chini nilikuwa nimeacha moldi, ile ya kuumbia plastiki, imekwama na vijana wanne wamekaa bure, nikasaini nikaenda.

Usiku shifti ikiwa imetulia nikaanza kuisoma kopi yangu nikinywa chai. Ukurasa wa 11 nikapata hatari ya mtu kuzama kwenye kidimbwi cha kuogelea. Uwezekano mbili mara madhara tano, kumi, na dawa yake ni kuajiri mlinzi wa majini na kuweka alama ya kina cha maji. Kidimbwi jamani! Sisi maji tuliyo nayo ni ya tangi ya kupoesha moldi na ndoo ya kuosha mikono. Mtu alichukua kazi ya hoteli fulani ya Pwani akabadilisha jina pale juu akatuma invoisi. Nilicheka mpaka opareta mmoja akaacha mashini akaja kuuliza kuna nini.

Halafu nikaitafuta krasha, ile mashini yetu ya kusaga plastiki. Nilipitia kurasa zote, mbele nyuma, na krasha haikuwa.

Kesho yake nilimwambia meneja kuhusu kidimbwi, tukacheka wote wawili mpaka machozi. Krasha sikuitaja. Nilifikiria kuitaja, nikaona itakuwa ni kama najifanya mjuaji, na pia sikuwa najua nikiitaja niseme nini hasa, maana hakuna mtu aliwahi kunifundisha hii kitu inaandikwaje.

Kwa wale hawajawahi kushuka chini kwa mashini zao wenyewe (mpo wengi), krasha ni ile ya kusaga plastiki iliyoharibika. Mdomo uko juu, visu viko ndani vinazunguka, unaingiza kreti nzima inatoka punje punje. Mdomoni kuna kifuniko, tunaita gadi, na gadi ina swichi yake ndogo, ukifungua gadi mashini inazima. Hivyo ndivyo ilitoka ilikotengenezwa. Yetu ile swichi ilikuwa imefungwa na blada, kipande cha tyubu ya baiskeli kimezungushwa mara tatu nne kikakazwa, ili mashini idhani gadi iko chini wakati wote. Nani aliifunga? Sijui. Niliikuta pale nikiwa bado kibarua. Imekaa mpaka rangi yake ikawa ya mashini, vumbi na grisi, na meneja wangu alikuwa anaipita labda mara tatu kwa siku, mimi mara thelathini.

Na ilifungwa kwa sababu, si kwa ujinga, hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Plastiki ilikuwa inakwama mdomoni kila baada ya muda mfupi. Ukifungua gadi inazima, na ikizima na mzigo ndani mota haiwezi kuanza tena mpaka uchokore chumba chote cha visu, hiyo ni dakika ishirini, na tageti ya usiku haijui dakika ishirini. Kwa hivyo vijana wanaacha gadi juu wanasukuma na kipande cha mbao. Mbao ikipotea wanasukuma na mkono.

Miezi minne baada ya mimi kusaini ile faili, saa tisa usiku, stima ikapotea. Si kitu cha kushangaza Nairobi hii. Kijana mmoja, ananiitaga bigi, akaona hiyo ni nafasi nzuri ya kutoa mzigo uliokwama, mashini si imezima? Akaingiza mkono. Krasha yetu ilikuwa na swichi ya kizamani ya kuzungusha, ukiiacha kwa kuwaka inabaki hapo hapo, stima ikirudi inawaka yenyewe bila kuuliza mtu. Stima ikarudi.

Tulimkimbiza na pikapu ya kampuni. Vidole vitatu, mkono wa kulia. Sitaandika zaidi ya hapo, mamake yuko fesibuki.

Jumatatu tukaitwa mkutano. Kukaombwa, wimbo ukaimbwa, halafu bosi akasimama akasema ajali haina kinga. Kila mtu akaitikia kwa kichwa, hata mimi. Hiyo methali naijua tangu nikiwa mtoto na sina shida nayo, lakini wahenga waliitumia kumfariji aliyefikwa, hawakuisema huku wameshika blada nyuma ya mgongo. Wiki hiyo tukanunuliwa glavu za ngozi, katoni mbili. Glavu! Kwa krasha! Kisu kikishika ngozi ya glavu kinavuta glavu na mkono unafuata, ni afadhali mkono mtupu. Na hakuna hata meneja mmoja kati ya wale walioidhinisha pesa aliona shida, kwa sababu kichwani mwao usalama ni kitu cha kuvaa. Ovaroli, helmeti, gambuti, glavu, picha, ukutani.

Sasa, sikuandika hii barua kumsema meneja wangu. Yeye ni mtu mzuri, ni injinia, anajua mashini kuliko mimi, na naweza kuapa alikuwa hajui kama mimi. Hapo ndipo shida iko. Mmetuweka sisi, mameneja na masupavaiza, tuwe ndio wa kusaini kwamba tumeangalia hatari, na hamjawahi kutufundisha kuangalia.

Sheria yenyewe si ya jana. Ile ya Usalama na Afya Kazini, OSHA tunavyoiita, ni ya 2007. Kifungu cha 6 kinasema mwenye mahali pa kazi afanye tathmini ya hatari, na achukue hatua kulingana na kile amepata, na nakala ya hiyo ripoti itumwe kwa afisa wa usalama wa eneo. Hicho hicho kifungu kinataka watu wapewe maelezo na mafunzo. Kifungu cha 14 kinasema mfanyikazi akiona hatari kubwa iko karibu aripoti kwa supavaiza wake, na mpaka irekebishwe hawezi kulazimishwa kurudi pale. Sasa supavaiza ni nani? Ni mimi. Miaka hiyo yote, kijana angekuja kuniambia bigi hii krasha siigusi, ningemwambia kama hutaki kazi geti iko wazi. Ningesema hivyo kabisa, na nimewahi kusema, kwa mambo mengine.

Na nyinyi wa Wizara, hapo pa nakala mmesikia? Kidimbwi chetu cha kuogelea kiko kwa kabati lenu. Mtu wenu aliipokea akapiga muhuri.

Baada ya ajali niliwekwa kwa kamati ya usalama, ile ambayo sheria inasema ukiwa na watu ishirini na zaidi lazima uwe nayo. Sisi ilikuwa ya kwa karatasi, wengine ndio walijua siku hiyo kwamba ni wanachama. Tukapelekwa semina ya siku tano, ukumbi fulani huku South B. Siku tatu za kwanza ni projekta na slaidi na usingizi, mnajua venye chakula cha mchana kinafanya mtu. Lakini siku ya nne mwalimu, mzee mmoja aliyewahi kuwa mkaguzi, akasema leo hakuna slaidi. Akatupeleka karakana moja ya magari hapo karibu, alikuwa ameshaelewana na mwenyewe, akampa kila mtu kreti ya soda tuzigeuze tukalie, na sheria ikawa moja: nusu saa, hakuna kuongea, hakuna simu, hakuna kuandika. Angalia tu watu wakifanya kazi.

Dakika tano za kwanza huoni kitu. Unaona karakana. Jamaa anachomelea, mwingine yuko chini ya gari, kijana anapeleka chai. Kufika dakika ya kumi na tano nikaona ile waya ya kuchomelea imepita ndani ya maji yaliyomwagika, na kijana wa chai anairuka kila akipita, anairuka bila kuangalia, maana mguu wake ushazoea. Nikaona gari limeinuliwa na jeki peke yake na jiwe moja la kuegemea. Nikaona fundi akitaka spana ananyoosha mkono juu ya kichwa cha mwenzake. Kufika dakika ya ishirini na tano nikaona kitu kingine, kwamba fundi mkubwa aliyekuwa hapo tangu asubuhi hajaona hata kimoja cha hivyo, na si kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu ni kwake. Yeye ni mimi na blada yangu.

Ile nusu saa ilinifundisha kuliko siku tatu za slaidi. Mwalimu baadaye akatuuliza maswali machache tu kwa kila kitu tulichotaja. Nini kinaweza kuumiza mtu hapa. Nani ataumia, na usisahau yule wa kufagia na yule wa kuleta mzigo. Kwa nini inafanywa hivi na si vingine. Tutafanya nini, nani atafanya, lini. Tutarudi lini kuangalia kama imefanya kazi. Wale wa Uingereza kwa shirika lao la serikali la usalama kazini, Health and Safety Executive, nao wameipanga kwa hatua tano zinazofanana na hizo, si siri ya mtu. Lakini hapo pa "kwa nini" mzee alikuwa anakwama napo kama mwiba, ukimjibu anauliza tena kwa nini, unajibu anauliza tena, mpaka mtu anakasirika.

Niliporudi kazini nikaifanyia krasha hivyo. Nilikaa na kreti yangu usiku, vijana wakafikiri nimeletwa kuwachunga. Kwa nini blada? Kwa sababu ya kukwama. Kwa nini inakwama? Opareta mmoja wa siku nyingi akanijibu bila kuinua macho, visu ni butu. Kwa nini butu? Vinanolewa mara moja kwa mwezi. Kwa nini mara moja kwa mwezi? Ndivyo prodakshen imepanga, kutoa visu ni kusimamisha mashini nusu shifti. Sasa mnaona? Kitu kilichokata vidole vya yule kijana kilianzia kwa ratiba ya kunoa visu, na ratiba iko kwa kompyuta ya meneja, hakuna kibarua anaweza kuibadilisha hata avae glavu kumi. Tukaanza kunoa kila wiki. Fundi wa stima akabadilisha ile swichi ya kuzungusha akaweka stata ya kitufe ambayo stima ikipotea inajitoa yenyewe, mpaka mtu abonyeze tena. Kukwama kukapungua mpaka hakuna mtu anatafuta blada, niliitoa mwenyewe na kisu na nimeiweka kwa droo yangu. Hiyo stata haikufika hata bei ya zile katoni mbili za glavu.

Ndiyo maana nasema mfundishe mameneja. Kuna wale wataniambia sisi tuko na safety officer, kila kiwanda kikubwa kiko naye siku hizi. Sawa, na wengine ni wazuri sana na wanateseka. Lakini safety officer hapangi tageti, hanunui mashini, haamui watu wangapi wako usiku, hasainishi ovataimu. Anaandika ripoti, anaituma kwa mtu ambaye anaisoma kama anavyosoma horoskopu. Yule anayepanga kazi ndiye anapanga na hatari, apende asipende, kwa hivyo yeye ndiye ajue kuiangalia.

Na si semina ya Naivasha. Naomba hii mnisikie vizuri, wa HR hasa. Si Naivasha, si hoteli, si bafe, si kofia zimeandikwa jina la kampuni na picha ya pamoja mbele ya ziwa. Siku mbili darasani zinatosha, tena hapo hapo kwa kantini yenu, halafu zingine zote ziwe chini, kwa mashini zao wenyewe, kila meneja afanye tathmini ya idara yake mbele ya mwalimu na mbele ya wale wanaoifanya hiyo kazi, kwa Kiswahili. Faili yetu ilikuwa Kizungu kitupu, cha wakili, na walioumia hawakuweza kuisoma hata kama ingekuwa sahihi. Halafu ubadilishane, meneja wa stoo aende akague prodakshen na wa prodakshen aende stoo, maana macho ya mgeni yanaona waya kwenye maji.

Wafundishwe pia hizi namba, kwa sababu hapo kuna mchezo mkubwa sana. Mnazijua, uwezekano moja mpaka tano mara madhara moja mpaka tano, ikitoka ndogo ni kijani, kubwa ni nyekundu. Nimekaa na watu wazima wenye digrii wakianza na rangi. "Hii ikiwa nyekundu itabidi tusimamishe, hebu weka uwezekano mbili." Kwa nini mbili? "Si haijawahi kutokea." Haijawahi kutokea! Blada ilikuwa pale miaka na haikuwa imekata mtu, kwa hiyo hesabu ilikuwa kijani mpaka ile dakika stima iliporudi. Namba ni ya kukusaidia kujua uanzie wapi, si ya kukuambia ulale.

Na ule mpangilio wa dawa, waujue kama Baba Yetu. Kwanza uliza kama hiyo hatari inaweza kuondolewa kabisa, ikishindikana badilisha na kitu nafuu, ikishindikana weka kizuizi, halafu ndio upange kazi na saa na alama na mafunzo, na vya kuvaa viwe mwisho kabisa. Sisi tunaanzaga mwisho, tunapiga picha, tunaenda nyumbani.

Sasa usiku. Hakuna tathmini nimewahi kuona imefanywa usiku. Konsaltanti anakuja saa nne asubuhi, anapewa chai na mandazi, anatembezwa na mtu wa HR ambaye pia hajui njia. Huyo hawezi kuona kwamba ikifika saa moja jioni mlango wa nyuma unafungwa na kufuli kwa nje, kwa sababu kuna wakati bidhaa zilikuwa zinatoka kupitia hapo, na funguo zinabaki na askari wa geti kuu, na askari ni binadamu, anaenda msalani, anaenda kununua miraa, anasinzia. Ndani tuko watu sitini na plastiki na katoni mpaka juu. Sheria hiyo hiyo ya 2007 inakataza, inasema mlango usifungwe kwa namna ambayo mtu aliye ndani hawezi kuufungua mara moja. Kwa faili yetu mlango wa nyuma umeandikwa "njia ya dharura, iko sawa", na ni kweli, saa nne asubuhi iko sawa.

Hapo kwa moto nikumbushe tu kwamba hapa kwetu hatari haikai ndani ya ukuta. 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka kwa bomba yakaingia kwa mtaro pale mtaa wa Sinai, watu zaidi ya 100 wakafa, na 1 Februari 2024 usiku gesi ikalipuka Embakasi, ikachoma watu walikuwa nyumbani kwao wamelala. Nyuma ya ukuta wetu kuna nyumba za mabati na watoto wanacheza mpira. Tathmini inayoishia kwa geti la kampuni ni nusu ya tathmini. Meneja anafaa apande pale juu kwa tangi aangalie upande wa pili, ajue mtaro wetu unaenda wapi. Wa kwetu unaenda mtoni, niliufuata mwenyewe siku moja ya ofu.

Najua kuna bosi hapa ashaanza kupiga hesabu. Sawa, tupige. Kuna ile sheria nyingine ya 2007, WIBA, ya fidia. Mtu akifa kazini familia inafaa kulipwa mapato ya miezi 96. Hiyo ni miaka minane ya mshahara. Ongeza kesi, ongeza mashini iliyosimama, ongeza vijana wazuri ambao waliacha kazi kwetu wiki ile bila hata kudai siku zao, wanne walienda, na wawili ndio walikuwa wanajua moldi ngumu. Mkiniambia insurensi italipa nitawaambia hata yule kijana alilipwa, baada ya kusumbuliwa sana, na sasa anauza mayai ya kuchemsha steji na mkono wa kushoto, na nikipita ananiita bigi vile vile.

Kwa Wizara, ombi langu ni moja na halihitaji bajeti. Mkaguzi akija, asiombe faili kwanza. Ashuke chini, achague mashini yoyote kwa kidole, aseme niitieni meneja wa hapa, si safety officer, meneja. Amwambie: nionyeshe hapa mtu anaweza kuumia vipi, na umefanya nini. Dakika kumi tu. Mtajua mambo yote. Faili mtaisoma baadaye mkiwa na nguvu ya kucheka. Tangu Juni 2022 shirika la kazi la dunia, ILO, limeweka mahali pa kazi salama kuwa haki ya msingi, na kila tarehe 28 Aprili mnavaa tisheti na kuandamana kwa siku ya usalama kazini, sawa, tisheti si mbaya, lakini mkimaliza kuandamana mpitie hapa.

Na kuna kitu mameneja wenyewe hawatawaambia kwa hivyo niwasemee. Kumfundisha mtu kuona hatari halafu kumnyima nguvu ya kusimamisha mashini ni kumtesa. Mimi sasa naona. Kila usiku naona. Naona vitu ambavyo zamani nilikuwa navipita nikipiga mluzi, na nikisimamisha mashini asubuhi naulizwa swali moja tu, tani ngapi. Mkileta mafunzo mlete na barua, imesainiwa na dairekta, inasema supavaiza akisimamisha kazi kwa sababu ya hatari hataulizwa tani siku hiyo. Iwe imebandikwa pale kwa saa ya kuingia. Bila hiyo barua mtakuwa mmetupeleka semina ili tukose usingizi.

Meneja wangu tumeongea haya yote, na amesema niandike, bora nisiweke jina lake. Ameanza na yeye kukaa kwa kreti, siku ya kwanza alikaa dakika saba akaitwa simu, ya pili akakaa yote, akaniuliza kwa nini mama wa kufagia anapita nyuma ya fokilifti, na mimi nilikuwa sijaona hiyo.

Kwa hivyo mabosi, mimi nawaalika. Si lazima mtangaze, si lazima mje na fotografa. Chagueni usiku wowote wa wiki, saa nane, saa tisa hivi, wakati tageti iko nyuma na watu wamechoka. Mje na viatu vya kufunika vidole, kreti nitawatafutia. Mkipitia mlango wa nyuma mpige honi kwanza na mngoje kidogo, funguo ziko na askari.